Kuhamia Tanga na familia ukitokea Dar: jibu refu kwa mkuu aliyepata uhamisho

Wakuu salaam. Kuna mkuu ameuliza: ofisi inamhamishia Tanga, ana mke mwenye duka la nguo za akina mama Tegeta na mtoto wa miaka minne, wote wamekulia Dar. Anataka kujua maisha ya Tanga yakoje, akae mtaa gani, na biashara ya mke itasimama au itakufa. Wamemjibu wengi, nusu wanamwambia Tanga raha, nusu wanamwambia mji umelala, atarudi mwenyewe. Mimi ni fundi wa friji na AC. Nilikuwa Tabata, nikahamia Tanga na mke na watoto, na bado nipo. Naomba nijibu kwa kirefu kwa sababu hili suala linagusa familia, halifai kujibiwa kwa mistari miwili.

Mkuu, kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba Tanga ni mji uliojengwa na pesa kubwa kuliko inayozunguka leo. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miaka hiyohiyo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa kwenda bara, ikafika Moshi 1911. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, na Tanga ndiyo ilikuwa mlango wake. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya 1967, viwanda vikafunga kimoja baada ya kingine. Ukikaa barazani na wazee wa hapa utasikia: baba yangu alikuwa kiwandani, babu alikuja kukata mkonge akitokea Songea, au Kigoma, au Burundi. Pesa iliondoka, mji ukabaki. Ndiyo maana mitaa imenyooka, Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, mpaka ishirini na kitu, na mgeni anafika anakokwenda bila kupiga simu mara tano.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 393,429 katika Jiji la Tanga, wakati Dar ilikuwa na zaidi ya milioni tano. Kwa hiyo unapata mji wenye nafasi, wenye watu wachache, na wenye pesa inayotembea taratibu. Nyumbani utaifurahia hali hiyo, kwenye biashara itakubana.

Niongelee nyumbani kwanza. Tabata nilikuwa natoka alfajiri watoto wamelala na kurudi usiku wamelala. Hapa nakwenda kula mchana nyumbani, narudi kazini, na jioni kabla ya magharibi nimeshaoga. Mji ni tambarare na baiskeli bado ni usafiri wa kweli, si wa masikini. Utamkuta mwalimu, muuza samaki na mzee wa msikiti wote juu ya baiskeli. Mimi natumia pikipiki kwa sababu ya mtungi wa gesi na vifaa, ila mke wangu anakwenda sokoni Mgandini kwa baiskeli na haoni taabu. Mtoto wako wa miaka minne atacheza nje, na mama wa nyumba ya tatu atamkaripia akivuka barabara vibaya. Usikasirike siku hiyo. Huo ndio ulinzi wa hapa.

Maji nayatenga peke yake kwa sababu aliyekulia Dar hawezi kuamini. Tabata tulikuwa tunapanga ndoo, tunasubiri boza. Hapa bomba linatoka. Maji yanatoka mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na mamlaka ya maji ya hapa ndiyo iliyouza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa pesa kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12, ili kupanua mtandao. Mimi si mtu wa masoko ya mitaji, lakini najua watu hawaikopeshi mamlaka isiyokusanya ankara zake. Mke wangu alipoacha kununua maji, hela ile ikawa ada ya chekechea.

Joto lipo, na usidanganywe na mtu. Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze ni joto zito lenye unyevunyevu, nguo haikauki na jasho halikauki. Upepo wa kusi ukishika, mwezi wa sita mpaka wa nane, mji unakuwa mtamu, ila bahari inachafuka, mitumbwi midogo haitoki na samaki anapanda bei pale soko la samaki la Deep Sea. Halafu kuna chumvi. Hii naisema kama fundi: ukipanga nyumba Raskazone au Sahare karibu na maji, hewa ile inakula bati, misumari, kondensa ya friji na mashine ya nje ya AC. Nimefungua mashine ambazo kwa Dar ningesema zina miaka kumi, mwenyewe ananionyesha risiti ya miaka mitatu. Usafishe kwa maji yasiyo na chumvi kila mara, na usinunue friji ya mtumba bila fundi kuikagua kwa nyuma.

Sasa mtaa. Raskazone kuzuri, kimya, nyumba za uzunguni zenye miembe mikubwa, na kodi yake inalingana na sura yake. Chumbageni kupo katikati, unatembea kwa miguu kwenda mjini, na kwa mfanyakazi wa ofisi ndiko ningekuelekeza uanzie. Ngamiani ndiyo roho ya mji: nyumba za Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani kwa wote, baraza mbele. Kama mke wako ni mtu wa watu atapenda Ngamiani kuliko kwingine kote. Kama mnataka geti lenu na ukimya wenu, Ngamiani itawachosha. Kange na pembezoni nyingine nyumba ni mpya na kodi ni nafuu, ila utategemea bodaboda. Kodi ninayolipa kwa nyumba nzima yenye ua ni ile niliyokuwa nalipia vyumba viwili Tabata. Madalali ni walewale wa kila mahali, miezi sita mkononi na mwezi mmoja wa kwao. Fikia nyumba ya wageni, zunguka wiki nzima, uliza kwa muuza genge kabla ya dalali.

Kuna jambo moja ambalo wengi waliojibu wamelipita, nalo kwangu ndilo linaloamua kama mtu atakaa Tanga au atarudi. Huu ni mji wa kujuana. Dar unaweza kuishi miaka mitano bila kujua jina la jirani na kazi yako isidhurike. Hapa ukipita barazani bila salamu leo, kesho wanajua, na mwezi ujao mtu anayetaka fundi anaambiwa yule kijana ana dharau. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, hata akiwa muuza kahawa, hata akiwa mteja anayekudai. Ukiingia nyumba ya mtu unabisha hodi na unangoja uitikiwe, huingii na simu sikioni. Na lugha yao ni laini, Mtanga anaweza kukukatalia jambo na ukaondoka umefurahi. Mimi nilikuwa na sauti ya Kariakoo, mke wa jirani akamwuliza mke wangu kama tunagombana.

Kwenye misiba ndiko utakakopimwa. Kukiwa na msiba mtaani unakwenda, hata kama marehemu humjui. Wanaume wanakaa turubai, wanakwenda kaburini, wanawake wanaingia ndani na jikoni. Unatoa rambirambi yako kidogo, jina linaandikwa daftarini. Arusi vilevile, hitima vilevile, na ukiwa Mkristo hakuna atakayekubagua. Mimi ni Mkristo, nakaa kwenye hitima na kula pilau na wenzangu, na mama yangu alipofariki, turubai la nyumbani kwangu lilisimamishwa na vijana wa msikitini kabla sijamaliza kuwapigia ndugu zangu simu. Nililia siku hiyo kwa mambo mawili. Nawaambia wanaosema Tanga mji umelala: hawajafiwa Tanga.

Pesa ni habari nyingine. Hapa wateja wanatosha, malipo ndiyo yanachelewa. Kazi yangu ilinichukua muda kusimama kwa sababu mteja anakuja kwa kuambiwa, hasomi bango. Wateja wangu wa kudumu ni wauza samaki wenye madeep freezer, mabucha, maduka ya vinywaji, na nyumba za wageni. Tarehe 25 mpaka 5 nafanya kazi kama wazimu. Katikati ya mwezi ni "fundi nitengenezee, mwisho wa mwezi utapata". Ukikataa kukopesha umejifungia mlango, ukikopesha kila mtu mtaji unakwisha. Mimi nimejiwekea utaratibu: vipuri na gesi analipa kabla, ufundi nakopesha. Kuna hoteli moja sitaitaja ilinizungusha mpaka nikaacha kudai, na hapo ndipo utaratibu huu ulipozaliwa. Wanaotoka Muheza na machungwa yao wana pesa msimu wa machungwa, wavuvi wana pesa bahari ikiwa shwari. Jifunze kalenda hiyo, kwa sababu duka lolote hapa linaifuata.

Wewe mwenye mshahara huna hofu hiyo. Mshahara wa Dar ukiula Tanga unanenepa, hasa kwenye kodi, nauli na chakula. Mihogo, nazi, dagaa, machungwa, vyote vipo karibu. Chai ya asubuhi na vitumbua vya jirani si gharama ya kuzungumzia.

Vitu utakavyovikosa vipo. Matibabu ya kawaida hospitali ya Bombo inatosha, lakini ugonjwa wa kibingwa mara nyingi unakupeleka Muhimbili au KCMC Moshi, na Dar ni kama kilomita 350 kwa kupitia Segera na Chalinze, siku nzima ya basi ikiwa barabara ina foleni ya malori. Kama mna mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anayehudhuria kliniki ya bingwa, lipime hilo kabla ya yote. Ajira za ofisini ni chache, ukiacha kazi yako hapa nyingine haikusubiri kona inayofuata. Usiku mji unalala mapema kweli. Vipuri vya kazi yangu havipatikani vyote, ila hilo lina dawa: asubuhi namtumia fundi mwenzangu wa Kariakoo pesa kwa simu, anapakia kompresa kwenye basi, jioni naichukua stendi ya Kange.

Mji unaamka pia, hilo lisemwe. Bandari ilikuwa na kina kifupi, meli zinatia nanga mbali na mzigo unashushwa kwa matishari. Imechimbwa, sasa meli zinafunga gatini, na malori yameongezeka barabarani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, ng'ambo tu ya hapa. Vijana wa mtaani kwangu wamepata kazi za kuchomelea na udereva kwenye mradi ule. Madalali nao wanalitaja bomba kila wanapokuonyesha kiwanja, hata kikiwa upande wa Pongwe. Usinunue ardhi mwaka wa kwanza.

Nimalizie na shemeji, maana naona ndiye aliyekufanya uulize. Duka la nguo la Tegeta asilibebe zima kulileta hapa. Fremu za mjini zenye nguo kutoka Kariakoo ni nyingi, na wateja wanazijua bei za Kariakoo kwa sababu kila mtu ana ndugu Dar. Tegeta amwachie mdogo wake au msaidizi anayemwamini kwa miezi sita ya mwanzo. Hapa aanze nyumbani na vitu vinavyotoka: madera, abaya, khanga, na vitambaa vya sare za arusi. Sare ndiyo biashara yenyewe, arusi moja ya Ngamiani inaweza kuwa na akina mama arobaini wanaotaka kitambaa kimoja, na anayepewa tenda ni yule wanayemjua kutoka jikoni kwenye misiba na arusi zilizopita. Ajiunge na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa hapo mtaani, acheze mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ahudhurie. Fremu aifikirie baada ya Ramadhani moja kupita, kwa sababu mauzo ya wiki mbili kabla ya Idi yatamwonyesha mzigo gani unatembea na nani analipa. Na asikatae wateja wa Muheza, Korogwe na Pangani. Wanaagiza kwa picha za WhatsApp, wanalipa kwa simu kabla, mzigo unakwenda na gari la asubuhi. Mke wangu anauza mashuka kwa njia hiyo, na wateja wake wa wilayani wanalipa vizuri kuliko wa barabara yetu.

Ukishajua tarehe ya kuripoti niandikie PM (ujumbe wa faragha) nikuelekeze nyumba ya wageni ya heshima ya kufikia, na nitamwomba mke wangu atembee na shemeji siku ya kwanza ya kutafuta nyumba.