Chagua mkutano kwa saa yako ya kiu

Wanaotaka kuacha pombe huniuliza kikundi cha karibu cha AA, cha walevi wanaosaidiana kuacha, kiko wapi. Mimi huwauliza kwanza kiu huwabana saa ngapi.

Yangu ilikuwa Ijumaa jioni. Katikati ya Nairobi, kutoka kazini hadi steji ya matatu, kuna baa za kutosha kummaliza mtu aliyekula kiapo asubuhi hiyo hiyo. Mkutano wa Jumapili karibu na nyumbani ulikuwa mzuri, lakini ulinikuta nimeshalewa Ijumaa na Jumamosi. Ulionishika ni ule wa mjini, Ijumaa, mara tu baada ya kazi. Ukiisha, ulikuwa umeshakula ile saa mbaya, na ninayepanda naye matatu ni mtu anayekwepa baa zile zile. Kwa hiyo tazama wiki yako kabla hujatazama ramani. Nauli ya mjini ni ndogo kuliko bili ya kaunta.

AA ni kifupi cha Alcoholics Anonymous. Walianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, walipogundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nafuu. Mpaka leo hawana mtaalamu mbele ya ukumbi. Ni watu waliokunywa wakisimulia walivyokunywa na wanavyoishi sasa.

Ila kama unakunywa kila siku na mikono hutetemeka asubuhi mpaka upate ya kuzimua, pitia hospitalini kwanza. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa na kuona vitu visivyokuwepo, na watu hufa. Mkutano hauna dawa ya hilo.

Kuupata si kazi kubwa. Tafuta AA Kenya kwenye intaneti, au piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakuelekeze. Wauguzi na washauri wa vituo vya kutibu uraibu nao hujua mikutano ya eneo lao. Kisha piga simu kabla ya kwenda, kwa sababu kikundi huweza kuhama ukumbi na orodha ikabaki ile ya zamani. Ulizia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata mkeo au rafiki anaweza kuketi, au ni wa wale tu wanaotaka kuacha pombe. Ulizia na lugha. Kwetu tunaanza na Kiingereza cha kusoma, lakini mambo yakifika moyoni kila mtu anarudi kwenye Kiswahili, na vijana kwenye Sheng.

Fika mapema kidogo. Utamkuta mtu anapanga viti vya plastiki. Msaidie, mikono itapata kazi. Sisi tuliozoea chama cha kuweka akiba hutarajia daftari la majina, kiingilio na faini ya kuchelewa. Hakuna. Sharti la uanachama ni kutaka kuacha kunywa, basi. Kapu litapita la kodi ya ukumbi na majani ya chai, na mgeni akilipitisha bila kutia kitu hakuna anayegeuza shingo. Jina la kwanza linatosha. Zamu yako ikifika, unaweza kusema, "Leo nasikiliza tu," na wataendelea na anayefuata.

Jambo litakalokushangaza ni kwamba mtu anamaliza kueleza alivyouza hata jiko la gesi, na hakuna anayemjibu. Hakuna "pole, lakini ungefanya hivi." Wanamshukuru, anafuata mwingine. Mwanzoni niliona ni ubaridi. Siku hizi naona ndiyo sababu watu husema ukweli pale.

Usitishwe na ukumbi kuwa wa kanisa, wamekodi tu. Mungu hutajwa, lakini kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa, na Waislamu tunao. Na ukikutana na jirani yako mlangoni, kumbuka naye amekuja kwa ajili ya pombe. Yanayosemwa ndani hubaki ndani. Kikundi kisipokukaa, jaribu kingine kabla hujasema AA haikufai. Vingine vina wasemaji wasiojua kunyamaza.

Usiondoke bila namba za simu. Desturi ni wanaume kuchukua za wanaume na wanawake za wanawake, na naiona ni ya busara, maana mtu mwenye wiki moja bila pombe hana ngao dhidi ya mapenzi ya haraka. Namba moja uipige siku ya kawaida, isiyo na shida yoyote, useme tu umefika nyumbani salama. Ukishaizoea sauti ile, usiku wa mshahara hutatafuta maneno ya kujitambulisha.

Kwa mke, mume au mzazi wa mlevi kuna Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na jamaa za walevi wenyewe. Huko hawangoji mlevi aache kwanza. Wa nyumbani kwako anaweza kuanza wiki hii, hata kama wewe bado unafikiria.