Muulize Shangazi: Nauli wanayo, mbona hawapandi ndege?

Swali: Shikamoo shangazi. Kila siku kwenye taarifa ya habari naona watu wamejazana kwenye boti za mpira kule Mediterania. Mwenzangu kazini anasema hela wanazowapa wasafirishaji haramu zinazidi nauli ya ndege. Kama kweli wanakimbia vita, si wapande ndege, wafike, waombe hifadhi kistaarabu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwenye hela mwenzako kasema kweli. Mwaka 2015 Wasyria waliovuka kutoka Uturuki kwenda kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, walilipa kama euro 1,000 kwa kichwa, na njia hiyohiyo ilikuwa ikipita feri ya watalii kwa nauli ndogo sana. Nauli haikuwa tatizo.

Kabla ya safu hii nilikuwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, napokea abiria na mizigo. Ukinipa pasipoti, naingiza uraia wako na unakokwenda kwenye mfumo uitwao Timatic, nao unanijibu: visa inatakiwa au haitakiwi. Basi. Hakuna mahali pa kujaza kwamba nyumba yako imepigwa bomu. Nikikupandisha bila visa, shirika linapigwa faini na kukurudisha kwa gharama yake. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2001 linalozitaka nchi wanachama zitoze faini hiyo, nayo ni ya maelfu ya euro. Agizo lenyewe linasema haki za wakimbizi zisiguswe. Lakini karani wa zamu ya usiku, foleni imefika mlangoni, msimamizi kamsimamia mgongoni, ndiye aamue nani mkimbizi wa kweli? Atakwambia "samahani, kaa pembeni kidogo," kisha amwite anayefuata.

Utasema, basi waende ubalozini. Visa ya kwenda kuomba hifadhi, kwa nchi nyingi, haipo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, lakini haulazimishi nchi kukupa visa ukiwa bado mbali. Kuna familia ya Aleppo, Syria, iliyojaribu huo ustaarabu unaousema. Mwaka 2016 ilikwenda ubalozi wa Ubelgiji mjini Beirut, ikaomba visa ya muda mfupi na kusema wazi kwamba ikifika itaomba hifadhi. Ikanyimwa. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Machi 2017 majaji wakasema sheria ya Umoja hailazimishi kutoa visa ya namna hiyo. Kila nchi itazame sheria zake. (Ukweli wao ndio uliowaponza, kwa maoni yangu.) Upo mpango wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu, ila kwa mwaka hawapati nafasi hata mmoja katika mia.

Kwa mwanasiasa anayetaka kuwazuia wakimbizi, kaunta ina raha kuliko ukuta wa mpakani au mpango wa kelele, maana haionekani. Mpango wa Uingereza wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ulitangazwa Aprili 2022 kwa kelele nyingi. Mahakama ya Juu ikaukataa Novemba 2023, na serikali iliyoingia 2024 ikaufuta. Aliyezuiwa kwenye kaunta hana kesi wala picha gazetini. Hata kwenye hesabu ya walionyimwa hifadhi hayumo, kwa sababu hakupata pa kuiombea.

Swali: Shangazi, ni kweli wakimbizi karibu wote wanaishia nchi tajiri?

Jibu: Si kweli. Kwa hesabu za UNHCR za mwisho wa 2024, asilimia 73 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, na asilimia 67 wako nchi jirani na walikotoka. Ujerumani imo kwenye tano zinazopokea wengi, hilo nakubali, lakini wenzake pale ni Iran, Uturuki, Kolombia na Uganda. Na hapo sijawataja watu milioni 73.5 waliohama makwao bila kuvuka mpaka wowote, ambao hakuna kaunta iliyowahi kuwaona.