Nani kawahi? Mchezo wa vitufe viwili kwa Arduino

Ukiwa mgeni wa Arduino Uno, ubao mdogo wa elektroniki unaouandikia programu, huu ni mradi mzuri: taa moja, vitufe viwili, taa ikiwaka anayewahi kubonyeza ndiye mshindi. Nyaya utazimaliza kwa nusu saa. Kitakachokula siku zako ni swali la aliyeshindwa: una hakika nimechelewa?

Mimi nilisubirisha taa kwa delay, amri inayosimamisha programu kwa muda. Binamu yangu akanishinda raundi sita mfululizo, nikadhani ana mkono mwepesi. Kumbe alikuwa amekishikilia kitufe tangu mwanzo! Wakati wa delay programu haisomi vitufe, kwa hiyo taa ilipowaka tu, ikamkuta tayari amebonyeza. Tumia millis, saa ya ubao inayohesabu milisekunde bila kusimamisha programu, uendelee kusoma vitufe hata kabla ya taa. Atakayebonyeza mapema, raundi imempita. Kisha nikaazima sheria ya riadha: mwanariadha anayeondoka kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio, ameiba mwanzo. Kwenye mchezo wangu, chini ya milisekunde 100 ni kubahatisha. Watu wengi huitikia mwanga kwa milisekunde 200 hadi 250 hivi.

Kosa la pili linachekesha. Namba za random (za kubahatisha), zinazoamua taa ingoje muda gani, hurudia mpangilio uleule kila ukiwasha ubao, na watoto huukariri haraka kuliko unavyodhani. Weka randomSeed(analogRead(A0)) ndani ya setup, sehemu inayoendeshwa mara moja ubao ukiwaka, na pini (tundu la waya) ya A0 usiiunganishe na kitu.

Vitufe vyenyewe vipe INPUT_PULLUP, mpangilio unaoishikilia pini juu (HIGH) kitufe kisipobonyezwa. Bila hiyo pini inaelea, haina hali ya uhakika, na mkono ukipita tu karibu na waya unaweza kutangazwa mshindi. Ila kumbuka, hapo kitufe kilichobonyezwa husomeka LOW (chini), si HIGH. Wengi hukwama hapa jioni nzima.

Utaambiwa pia uweke subira, yaani kungoja kidogo kabla ya kukiamini kitufe, kwa sababu kitufe hurukaruka kinapogusa: bonyezo moja husomeka kama mengi. Kwa mbio hizi sikubaliani: mguso wa kwanza ndio unaohesabiwa, basi. Subira iweke pale kitufe hichohicho kinapoanzisha raundi mpya.

La mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Niliandika "kama A amebonyeza, A ameshinda, la sivyo, kama B..." Wakifungana, A anapewa. Loop, sehemu ya programu inayojirudia, ikiwa nyepesi huoni tofauti, lakini nilikuwa nimeijaza Serial.println, amri ya kutuma maandishi kwenye kompyuta, kwa kasi ya 9600, ambako kila herufi huchukua kama milisekunde moja. Foleni ya herufi ikijaa, ubao unasimama kuzingoja, na B anaonewa. Soma vitufe vyote viwili kwanza, ndipo ulinganishe. Wakiwa wamebonyeza wote, ni sare. Maandishi yachapishwe raundi ikiisha.

Kabla hujamwita mtu kuja kucheza, wabadilishe viti wachezaji wawili wa nyumbani, raundi ishirini kila upande. Ushindi ukifuata kiti badala ya mtu, rudi kwenye programu.