Siku ya pili, baina ya Chake na Wete

Nyinyi mnaojiandikisha kwa mara ya kwanza kukimbia Pemba kwa siku tatu, kutoka Mkoani hadi Ras Kigomasha, kuchangia madawati ya skuli: siku ya kwanza haitakusumbueni. Miguu bado mipya na watu wanakushangilieni. Ya tatu nayo ina nafuu yake, maana ukishaingia kwenye kivuli cha msitu wa Ngezi unajua mnara wa taa hauko mbali. Niulizeni ya pili.

Mimi niliiharibu tangu usiku wa kuamkia. Tulifika Chake, wenyeji wakatupokea kwa hisani kubwa, nami nikakaa barazani mpaka saa nne nikijibu maswali na kuandika majina ya wachangiaji. Mihogo na samaki vilipakuliwa, nikasema nitakula baadaye. Nikaishia boflo kipande na chai. Ukifika, kula kabla hujapoa: wali, mihogo, ndizi, na kitu cha chumvi. Kisha lala. Mazungumzo waachieni wanaopanda gari.

Pemba haina mlima wa kuogopesha, ila vilima vyake haviishi. Unapanda penye mikarafuu, unateremka bondeni kwenye mpunga, unapanda tena. Mgeni hupanda mbio kwa kuona haya, hasa watoto wa skuli wakiwa nyuma yake wanacheka. Tembea kila mpando tangu wa kwanza, ungali na nguvu. Kwenye mteremko fupisha hatua, kwani huko ndiko mapaja yanakoumia, na utayasikia kesho yake ukitaka kukaa chini. Salamu zijibu zote (Pemba hupiti mtu kimya) lakini usisimame.

Sasa maji. Kusi lilikuwa bado linavuma, nasi tunaelekea kaskazini, nikajisifu kwamba upepo u mgongoni. Kumbe upepo unaokwenda nawe haukupozi. Jasho linachuruzika badala ya kukauka mwilini, na likichuruzika halipunguzi joto. Basi nikawa nakunywa, si kwa kiu, kwa woga. Kufika saa tatu u nusu nilishamaliza chupa nane za nusu lita, maji matupu, na madafu mawili juu yake.

Nina pete ya akiki aliyoniachia babu, siku zote inacheza kidoleni. Asubuhi ile haikuzunguka. Nikadhani joto. Kichwa kikaanza kugonga, tumbo likajaa, kichefuchefu kikanipanda. Nikajiambia nimepungukiwa na maji, nikaomba chupa nyingine.

Ndani ya gari letu alikuwamo mama mmoja, muuguzi mstaafu. Hakunipa chupa. "Mwanangu, hebu lete mkono." Akaitazama pete. "Tangu asubuhi umekwenda haja ndogo mara ngapi?" Sikukumbuka hata mara moja.

Hayo ni maji kuzidi mwilini hadi chumvi ya damu ikapungua. Dalili zake zinafanana na za mwenye kiu, ndiyo maana watu hujiongezea maji na kujiongezea madhara. Na dafu halikuniokoa, kwani lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Kunywa ukisikia kiu, usishindane na chupa. Chukua vitu vya chumvi njiani, ila chumvi si ruhusa ya kunywa kupita kiasi. Vidole vikivimba na kichwa kikauma, simama, acha maji. Mtu akianza kutapika, kuropoka au kusinzia, hiyo si kazi ya wenzake tena, apelekwe hospitali upesi.

Mama akaniambia nipande gari. Nikakataa, na sababu yangu ilikuwa pesa. Wachangiaji wangu wengi waliahidi kwa kilomita, kwa hiyo kila kilomita niliyoacha niliiona kama dawati linatolewa darasani. Msikubali ahadi za namna hiyo. Ombeni kiasi kamili, na kilipwe kabla hamjaondoka Mkoani. Mwenye maumivu akiwa na deni la kilomita hasikii la muuguzi.

Akanishika mkono kama mtoto, akanipandisha. Nilikaa kimya mpaka Wete, tukipita karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya njia, harufu ambayo siku nyingine naipenda, siku ile ikinizidishia kichefuchefu. Kabla ya adhuhuri nilikwenda haja mara tatu, na jioni pete ikavuka kidoleni.

Kilomita tisa sikuzikimbia. Wachangiaji wote walilipa kamili, isipokuwa bwana mmoja aliyepiga hesabu akakata zile tisa mpaka shilingi ya mwisho. Sikumlaumu, mkataba niliuandika mwenyewe.