Jetski ya zamani ikiisha nguvu, usikimbilie kufungua injini

Vijana mnaoanza ufundi huku ziwani Mwanza, hasa nyie mliotoka kwenye pikipiki na mashine za mitumbwi na sasa mnaletewa jetski za zamani, zile za tuu stroki za miaka ya 90, naomba mnisikilize kwenye hili moja maana limenigharimu hela na heshima. Mteja akisema "fundi, haina nguvu", swali lako la kwanza liwe nguvu inapotelea wapi, kwenye injini au kwenye pampu, yaani ile propela iliyo ndani ya duara inayosukuma maji nyuma chombo kiende. Usishike spana kabla hujapata jibu.

Miaka ya nyuma nililetewa moja kule Luchelele, silinda mbili, mwenyewe ananiambia zamani ilikuwa inaruka sasa inajikokota. Mimi nikasikia "imechoka" nikafungua hedi, nikaagiza ringi za pistoni na gasketi kutoka Dar, siku nne nzima nipo nayo, nikafunga vizuri kabisa, tukaishusha majini ikawa vilevile. Yule mzee mwenye mashine hakunigombeza, aliniangalia tu, na bora angenigombeza. Kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima wa pale Kirumba amekuja kwa shughuli zake, akaomba apande, akazunguka mara moja akarudi akaniambia, "mwanangu, injini inalia vizuri, maji ndo hayasukumwi." Tukaipindua kwenye matairi, tukatoa wavu wa chini, nikachukua kadi yangu ya benki nikaipitisha katikati ya ncha ya propela na lile duara linaloizunguka, ikapita bila kukwama. Kadi ina unene wa karibu milimita 0.8, wakati mashine nyingi za aina ile kikomo cha huo mwanya ni 0.6 hivi, na zikiwa mpya ni nusu ya hapo. Maji yalikuwa yanarudi nyuma kupitia huo mwanya. Ringi nilizobadilisha hazikuwa na kosa lolote.

Kwahiyo jifunzeni kusikiliza. Injini ikipanda resi mpaka juu, tena wakati mwingine inapitiliza kama iko hewani, alafu chombo hakiendi, tatizo liko kwenye pampu. Injini yenyewe ikigoma kupanda, inakoroma tu katikati, hapo ndo uende kwenye mafuta, moto wa plagi na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kama masikio yako bado, nunua kile kigeji kidogo cha kuhesabu mizunguko, waya wake unauzungusha kwenye waya wa plagi, bei yake ni ndogo. Nyingi za silinda mbili za enzi hizo zikiwa nzima zinafika kati ya 6,000 na 7,000 kwa dakika, sasa ukiona 7,300 na chombo kinatambaa unajua, ukiona 4,500 pia unajua.

Huku kwetu pampu zinateswa sana, jamani. Ufukwe wetu ni mawe na mchanga, mtu anawasha mashine maji yakiwa ya magotini, pampu inafyonza changarawe, ncha za propela zinaliwa na lile duara linakwanguka. Magugu maji nayo yanaziba wavu wa chini, na timba, zile nyavu za nailoni, zinajisokota kwenye shafti mpaka uzikate kwa kisu kidogo kidogo. Hapa kuna tahadhari moja, magugu mengi yakijisokota yanaweza pia kuizuia injini isipande, kwahiyo hata injini ikikoroma anza kwa kuchungulia chini, ni dakika mbili. Ila usiingize mkono kabla hujachomoa ile kamba ya usalama inayozima injini na terminali ya betri. Angalia pia maji ndani ya tumbo la chombo, na sponji za ndani zikishanyonya maji kwa miaka chombo kinakuwa kizito moja kwa moja, hapo utalaumu injini bure.

Sasa ikiwa ni injini kweli, anza na plagi maana ndo zinaongea. Zitoe zote mbili uziweke mezani kwa mpangilio wake, ya mbele na ya nyuma usichanganye. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, unatembelea silinda moja. Alafu pima kompresheni kwa geji yake, plagi zote nje, waya zake ziwe zimeshikizwa kwenye chuma cha injini, resi imefunguliwa mpaka mwisho, ndo upige stata. Hili wengi wanasahau, wanapima resi ikiwa imefungwa geji inasoma chini wanamwambia mteja injini imekufa. Na kumbukeni ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, kwahiyo kitabu kikisema psi 150 na wewe hapa Mwanza ukapata 130 usishtuke, ni hewa hiyo. Cha kuangalia zaidi ni tofauti ya silinda na silinda, ikizidi asilimia kumi hapo kuna kitu. Na hata mashine mpya hapa haiwezi kutoa nguvu zote inazotoa Dar, inapungua kama sehemu moja ya kumi, mwambieni mteja ukweli mapema.

Kompresheni ikiwa nzuri, nenda kwenye mafuta, na mimi kwa uzoefu wangu mashine za zamani nyingi zinafia hapa. Kuna zilizokuja na paipu za mafuta za kijivu, hizo zikizeeka zinaoza kwa ndani zinatoa utelezi wa kijani. Ukifungua kabureta kuna kijichujio kidogo ndani, kiduara cha wavu ambacho hakizidi ukucha wa kidole kidogo, unakikuta kimefunikwa na ule utelezi kama kamasi. Watu wanasafisha kabureta wanarudisha na paipu zilezile, baada ya wiki mbili imerudi. Toa paipu zote weka za mpira mweusi za petroli, safisha na ile swichi ya kuchagulia ON na RESERVE, nayo inaziba. Kale kangozi ka kabureta, dayaframu, ukikashika kamekakamaa kama karatasi ya kaki, badilisha, usikabembeleze.

Kwanini nalisisitiza hili? Kwasababu tuu stroki inapata oili yake kupitia mafuta, mafuta yakipungua oili imepungua na joto limepanda, na kwa mwendeshaji itaonekana imepoteza nguvu kidogo tu kwenye resi ya juu. Akiendelea kuibana hivyohivyo mpaka Igombe, pistoni inatoboka katikati. Nimeshika pistoni kama hiyo, tundu linaingia kidole, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Kwahiyo msimfungie mteja pistoni mpya kabla hamjajua ya zamani ilikufa kwa nini. Na ukipunguza mafuta kwenye skrubu za kabureta kwasababu ya hewa yetu ya huku, andika mahali ulipofikia, mashine ikirudishwa Dar hewa ya kule ni nzito, mafuta yatakuwa hayatoshi, itaungua.

Kichuruziko cha ubavuni, kinachoonyesha maji ya kupoza injini yanapita, nacho kisipotoka, injini inapata joto na baadhi ya mashine zinajibana zenyewe zisipande. Mara nyingi ni mchanga kwenye paipu. Ukiisafisha kwa bomba nchi kavu, washa injini kwanza ndo ufungue maji, na ukimaliza funga maji kwanza ndo uzime, ukikosea huo mpangilio maji yanarudi kwenye silinda.

Kabla ya kuwasha chochote fungua siti dakika chache mvuke wa petroli utoke, hii hata uwe na haraka vipi. Alafu kajaribu mwenyewe, usimpe mwenye mashine akujaribie. Mimi naenda mpaka usawa wa lile jiwe la Bismarck, nabana resi mwisho, nazima hapohapo ikiwa juu, nachomoa plagi nikiwa nimeelea. Zote mbili zikiwa na rangi moja ya kahawia kama tofali la kuchoma, ndo nampigia simu aje na hela iliyobaki.