Mjamaa, msoshalisti, au sina jina?

SWALI: Naamini maji, umeme na hospitali ziwe mali ya umma, na wafanyakazi wamiliki sehemu ya pale wanapofanya kazi. Lakini sitaki chama kimoja, wala simkatazi mtu kuwa na duka lake. Nikisema "mimi ni mjamaa", vijana wenzangu wanacheka, na wazee wananiuliza kama nataka kuwahamisha tena. Nikisema "msoshalisti", naambiwa nimetohoa neno bila sababu. "Mkomunisti" linanitisha hata mimi. Mtu kama mimi anaitwaje kwa Kiswahili? Na "ujamaa" huandikwa kwa herufi kubwa au ndogo?

JIBU: Tuanze na kicheko cha vijana, maana kina sababu ya kisarufi. Wanachosikia wao ni "jamaa", na jamaa siku hizi ni mtu yeyote tu: "Kuna jamaa mmoja alikuulizia jana." Neno hilo tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya watu waliokusanyika pamoja, na mzizi wake ndio uliotupa jamii, jumuiya na hata Ijumaa. Kwa Waswahili likawa la watu wa ukoo, "jamaa zangu", kisha mitaani likapwaya mpaka likamtosha kila mtu.

"Mjamaa" ni neno jingine. Hiyo m- ya mwanzo imebeba kazi yote. Wingi wa jamaa wa mtaani ni majamaa, wingi wa mjamaa ni wajamaa, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya yakikaa ndani ya sentensi: "Majamaa wamefika" na "Wajamaa wamefika" ni habari mbili tofauti kabisa.

Angalia pia jinsi neno lenyewe lilivyozaliwa. Bepari alikuja kwanza, ubepari ukafuata. Neno hilo lina asili ya Kihindi, na zamani lilimtaja mfanyabiashara tu, bila tusi lolote. Mtu alikuwepo, mfumo ukaitwa kwa jina lake, na ndiyo maana hatusemi "mbepari". Kabaila na ukabaila ni vivyo hivyo. Kwa mjamaa mambo yalikwenda kinyumenyume. Ujamaa ulikuwepo, maana yake undugu, ile hali ya kuwa jamaa. Siasa ikauchukua, ukawa jina la itikadi, na hapo ndipo tulipohitaji jina la mtu anayeiamini. Tukakata u-, tukaweka m-. Kwa hiyo mjamaa hakutokana na jamaa moja kwa moja, ametokana na ujamaa. Mtu akikucheka, mweleze hivyo, ingawa nadhani ataendelea kucheka.

Swali la wazee ni zito zaidi, kwa sababu wao hawakosei neno. Wanalijua kuliko wewe. Mwaka 1962 Nyerere alipoandika kuhusu ujamaa kuwa msingi wa usoshalisti wa Kiafrika, aliueleza kuwa ni hali ya moyo na mwelekeo wa fikra. Alifika hadi kusema kwamba hata milionea anaweza kuwa mjamaa, ikiwa anauthamini utajiri wake kwa sababu tu unaweza kuwatumikia wenzake. Ukilisoma neno kwa maana ya mwaka ule, mjamaa ni mtu wa tabia fulani. Miaka 5 baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, tamko la siasa la TANU, chama tawala cha Nyerere, na neno likapata makucha: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Hapo kuwa mjamaa kukawa na masharti yanayoweza kuhesabiwa. Kisha Novemba 1973 ikatoka amri kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini Tanzania wawe wamehamia katika vijiji vilivyopangwa. Aliyebomolewa nyumba akiwa mtoto halisikii "ujamaa" kama undugu. Analisikia kama lori.

Neno moja, maana tatu, na zote zilipatikana ndani ya miaka 15. Kamusi haiwezi kukusaidia hapo, maana kamusi inatoa maana, haitoi kumbukumbu.

Ndiyo maana "msoshalisti" si utohozi wa uvivu kama ulivyoambiwa. Nyerere mwenyewe katika andiko lile la 1962 aliukataa usoshalisti unaojengwa juu ya mapambano ya matabaka, akisema msingi wa usoshalisti wa Kiafrika ni familia pana. Walioamini kwamba ugomvi wa matabaka upo, na ndio unaosukuma historia, hawakuona vizuri kuitwa wajamaa. Wakabaki na usoshalisti, wengine wakauongezea "wa kisayansi" ili pasiwe na shaka. Zanzibar walikuwepo makomredi wa Umma Party, chama alichokiongoza Abdulrahman Mohamed Babu tangu 1963. "Komredi" wao na "ndugu" wa TANU yalifanya kazi ileile ya kuitana, lakini ukimsikia mtu analitumia mojawapo ulijua mara moja amesomea wapi. Basi ukijiita msoshalisti unasema, hata bila kukusudia, kwamba ujamaa wa Tanzania si wako. Kama ndivyo unavyotaka, neno ni halali na limekomaa. Kama huna ugomvi huo, unajitenga na watu bure.

Mkomunisti nitampita haraka. Umesema humkatazi mtu duka lake. Basi.

Sasa kuna shimo ambalo hukulitaja, na ndilo linalowameza wengi, waandishi wa habari wakiwa wa kwanza: kijamaa na kijamii. Ni irabu mbili za mwisho tu. "Siasa za kijamaa" ni siasa za wanaotaka njia kuu za uchumi ziwe za umma. "Masuala ya kijamii" ni ndoa, elimu, afya, misiba, chochote kinachohusu maisha ya watu. Likija suala la demokrasia, kosa linakuwa kubwa. "Demokrasia ya kijamii" ni ile ya vyama vinavyouacha ubepari uendelee lakini vinautoza kodi, vinaulazimisha ulipe matibabu na pensheni. "Ujamaa wa kidemokrasia" unataka umiliki wenyewe ubadilike, ila kwa kura, bila bunduki wala chama kimoja. Wa kwanza anamfunga ng'ombe wa mtu ili asiharibu shamba, wa pili anauliza kwa nini ng'ombe ni wa mtu mmoja. Nimesoma tafsiri ambamo haya mawili yamebadilishana nafasi ukurasa mzima, na msomaji hana namna ya kugundua.

Wewe, kwa maelezo yako, ni wa pili. Unataka umma umiliki maji na umeme, na wafanyakazi wamiliki sehemu ya mahali pao pa kazi. Huo ni umiliki, zaidi ya huduma. Na unataka vyama vingi. Kwa hiyo jina lako lipo: mjamaa wa kidemokrasia. Ni refu, nakubali, lakini urefu huo unakufaa, kwa sababu "wa kidemokrasia" ndilo jibu la swali la wazee kabla hawajaliuliza.

Lile la wafanyakazi kumiliki lina neno lake la siku nyingi, ushirika, na lisisahaulike kwa sababu tu limezoea kwenda na kahawa na pamba. Lakini usijiite mwanaushirika kama hujajiunga na ushirika wowote: kiambishi mwana- hapo kinamtaja mwanachama, si muumini. Kwa sababu hiyohiyo "mwanaharakati" halikufai. Linasema unafanya nini, halisemi unaamini nini, na wapo wanaharakati wa ubepari pia. "Mrengo wa kushoto" nao unaonyesha upande tu, jambo lililoanzia kwenye viti vya bunge la Ufaransa mwaka 1789. Ni mwelekeo, na ndani ya mwelekeo huo wanakaa watu wasiosalimiana.

Kuna njia nyingine ambayo mimi binafsi naipenda zaidi, nayo ni kuacha kujiita. Kiswahili hakimlazimishi mtu kuwa nomino. "Nafuata siasa za kijamaa." "Nina imani ya kijamaa." "Kwa umeme na maji, mimi nauunga mkono ujamaa." Sentensi ya mwisho inakuruhusu kutaja mipaka yako palepale, kitu ambacho "mimi ni mjamaa" haikupi. Na neno imani halikuokotwa: Azimio la Arusha lenyewe lina kipengele kinachosema kwamba ujamaa ni imani.

Kuhusu herufi. Ukiandika jina la sera au la kitu maalumu, tumia kubwa: siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, Vijiji vya Ujamaa. Ukiandika fikra kwa ujumla, ndogo inatosha: "ujamaa umeandikiwa mengi". Kivumishi ni kidogo daima, na ukitaka ushahidi fungua Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 3, ambayo hata baada ya vyama vingi kurudi bado inaitaja nchi kuwa "ya kijamaa". Mjamaa naye ni mdogo, sawa na bepari na mkomunisti. Hapa Kiswahili kina upendeleo kidogo, kwa sababu Mkristo na Mwislamu tunawapa herufi kubwa, na mwenye imani ya siasa tunamnyima. Anayeipata ni kama Mmarx, mfuasi wa Karl Marx, kwa kuwa ndani yake mna jina la mtu.