Nirudie GMAT?

SWALI: Nilifanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara. Mazoezi ya nyumbani yalinipa alama 645, mtihani wenyewe 585. Nirudie?

JIBU: Rudia, ndugu msomaji, ila kwanza soma ripoti yako sehemu kwa sehemu. Hesabu ina maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20, kila moja dakika 45. Kama maswali matano ya mwisho hukuyagusa, kilichokuangusha ni saa, na kuacha swali wazi huumiza kuliko kulikosea. Jizoeze kubahatisha mapema: dakika tatu zikipita, chagua jibu, songa mbele. Unaruhusiwa kurudi kubadili majibu matatu tu kwa kila sehemu. Kanuni inadai usubiri siku 16. Sisi tunakushauri wiki sita. Na kama mazoezi nayo yangekuwa 585, tungekuambia usilipe ada tena kwanza.